Mkono wa Mnakili: Mwalimu Sikujua na Muhamadi Kijumwa katika Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Diwani ya Muyaka iliyochapishwa Johannesburg mnamo 1940 ina majina mawili yanayofahamika na kila mwanafunzi wetu: la mshairi, Muyaka bin Haji, na la mhariri, William Hichens. Katika tasnifu huandikwa "Hichens 1940", na mambo yakaishia hapo. Jina la tatu, ambalo lau si yeye hayo mawili yasingalikutana, hupitiwa kwa haraka na kusahauliwa kabla ya shairi la kwanza kufikiwa. Makala haya yanashikilia kwamba usahaulifu huo si utovu wa shukrani tu, bali pia ni kasoro ya uhakiki.

Muyaka alifariki yapata 1840. Mashairi yake yalisalia katika vinywa vya watu wa Mombasa, na kinywa, kama tujuavyo, huhifadhi kile kinachokipendeza. Aliyeyakusanya na kuyatia katika maandishi ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, malenga na mwanachuoni aliyefariki 1890, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London, na humo ndimo Hichens alimopata matini yake. Kwa hivyo baina ya ulimi wa Muyaka na jicho letu pana zaidi ya miaka 40 ya kumbukumbu, kisha pana kalamu ya Sikujua.

Sasa tulitazame lile dai lililozoeleka katika mihadhara yetu, kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akauingiza sokoni. Yamkini ni kweli. Lakini ushahidi wetu ni mashairi yaliyokumbukwa, yakapokewa na mwanachuoni mmoja aliyekuwa na sikio na uteuzi wake. Mashairi ya majibizano, ya siasa za Wamazrui na Seyyid Said, na ya mapenzi ndiyo yanayoshika ulimi kwa wepesi. Iwapo Muyaka alitunga na mengine ya mkondo tofauti, yasiyokaririwa barazani, hatuna njia ya kuyafikia. Tunapomsifu Muyaka kwa usoko wake, twalisifu pia, pasi na kujua, kapu alilobebea Sikujua.

Kuna watakaosema kwamba mnakili ni mfereji tu, na maji hayabadiliki kwa kupita mferejini. Anayesema hivyo hajapata kukaa na mswada wa hati za Kiarabu. Katika mwandiko wa zamani, irabu e na i hazikutofautishwa, wala o na u. P mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya b. Na m inayotangulia b iliachwa. Neno moja lililoandikwa laweza kusomwa "pita" au "peta". Jingine laweza kuwa "boga" au "mboga". Anayeamua ni yule ajuaye vina, mizani na lahaja, na kila uamuzi wake ni tendo la ufasiri. (Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia hivi, mpaka niwape ukurasa mmoja wausome.)

Kwa Muhamadi bin Abubakar Kijumwa wa Lamu jambo hili ni bayana zaidi. Alizaliwa yapata 1855, akafariki 1945. Alikuwa mchongaji, mwanamuziki na mwandishi wa hati nzuri, na miswada mingi iliyowafikia Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann ilitoka mkononi mwake. Utendi wa Mwana Kupona uliochapishwa na Werner na Hichens mnamo 1934 ulitegemea kazi yake. Mtu huyo huyo ndiye aliyetunga Utenzi wa Fumo Liyongo mnamo 1913. Je, kalamu iliyotunga ilijisahau ilipokuwa ikinakili? Ni vigumu kuamini. Tena alikuwa akilipwa, na wateja wake walikuwa na mapendeleo yao. Soko hilo la miswada nalo lilichangia katika kuamua ni tenzi zipi zingenakiliwa mara kadhaa na zipi zingebaki majumbani zikiliwa na mchwa.

Hatumaanishi kwamba Sikujua ndiye Muyaka, wala kwamba kila beti lililopitia kwa Kijumwa ni lake. Kutia chumvi namna hiyo kungekuwa kuwadhulumu wote. Tunachodai ni kidogo, ila ni kigumu kutekelezwa: mhakiki ausome mswada kabla ya kitabu, alinganishe nakala, na anapotoa hukumu juu ya mtindo wa mshairi aeleze ni kwa mkono wa nani mtindo huo umemfikia. Mnamo 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha kitabu cha matini kutoka karatasi za Dammann, na jina la Kijumwa likawekwa kwenye jalada. Sikujua bado hajapata kitabu cha namna hiyo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya uzamili, awe tayari kujifunza hati hizo kwanza, anaweza kuanzia hapo.