Stelingi Hafi: Filamu na Wasimulizi Wake Mjini Songea

Anayemsifia rafiki yake filamu hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: hutamba hadithi, hufasiri lugha, na huhakiki fani. Wataalamu wa Kiswahili wamezijadili kazi hizo kwa kirefu zinapohusu utenzi, ngano au riwaya. Zinapohusu filamu inayosimuliwa barazani, aghalabu hunyamaza, kana kwamba maneno yanayotamkwa mbele ya kioo cha televisheni si maneno ya Kiswahili. Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ni mahali pafaapo kuyapima masimulizi hayo. Kwa miaka mingi filamu ilifika huko ikiwa kitu haba, na kitu haba husimuliwa sana.

Uhaba huo una historia. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na mwanzoni matangazo hayo hayakuvuka mbali kutoka Dar es Salaam. Songea iko kiasi cha kilomita 950 kutoka jiji hilo. Barabara ya lami kutoka Makambako, iliyojengwa kwa fedha za Uingereza katika miaka ya 1980, ndiyo iliyoufungua mji kwa mabasi, na kwa mabasi hayo ilisafiri mikanda ya video. Umeme nao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa majenereta ya dizeli mpaka Gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2018. Basi mkanda mmoja, deki moja na taa isiyo na uhakika vilitosheleza mtaa mzima. Waliokosa nafasi katika kibanda umiza cha Mfaranyaki au Lizaboni waliipata picha siku ya pili kwa kuhadithiwa na waliokaa.

Masimulizi hayo yalikuwa na kanuni zake, kama vile ngano ilivyo na zake. Mhusika mkuu ni stelingi. Anayepambana naye ni adui. Stelingi hupigwa mwanzoni, huumia katikati, hushinda mwishoni, na hafi. Kanuni hii ya mwisho ina nguvu kiasi kwamba filamu ambayo stelingi wake amekufa huhesabiwa na wengi kuwa imekosewa. Msomaji wa mashairi asiicheke. Shairi la kimapokeo nalo lina masharti ambayo msikilizaji huyajua kabla ya kusikia ubeti wa kwanza, na utamu wake hutokana na kuona jinsi mtunzi anavyojipenyeza ndani ya masharti hayo.

Juu ya msimulizi wa baraza akaja msimulizi wa kipaza sauti. Tanzania ilimpata Lufufu, ambaye sauti yake iliyorekodiwa juu ya filamu za kigeni ilienea katika vibanda vya nchi nzima. Uganda ilimpata VJ Jingo kwa Kiganda. Kenya ina DJ Afro. Watu huita kazi hiyo kutafsiri, lakini ni zaidi ya tafsiri. Mtafsiri wa kibandani hueleza, hutania, huonya, humtukana adui, humpa stelingi ushauri, na pengine humtabiria mtazamaji yatakayotokea. Wala kazi hiyo haikuanza na video. Waingereza walipofanya jaribio lao la filamu za elimu huko Vugiri, Tanga, kati ya 1935 na 1937, walipiga picha zisizo na sauti, na maelezo wakayarekodi kwenye santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Tofauti ni kwamba sauti ya santuri ile ilimwamuru mtazamaji alime vipi na aishi vipi. Sauti ya kibandani hukaa benchi moja na mtazamaji.

Wapo wanaosema kwamba uhuru huu ni upotoshaji. Hoja yao ni nzito, lakini ipimwe kwa mizani iliyotumika kwa wakubwa. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza amekuwa mabepari wengi, na neno bepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, halikuwa neno baridi. Jina lile peke yake ni tafsiri, ni ufafanuzi, na ni hukumu. Hakuna aliyedai kwamba Nyerere hakujua Kiingereza. Ilieleweka kwamba mfasiri amechagua. Basi mfasiri wa kibandani naye aulizwe swali lile lile aulizwalo mfasiri wa kitabu: amechagua nini, na uchaguzi wake umeipa kazi nini au umeinyang’anya nini?

Filamu za ngumi na risasi haziwezi kulijibu swali hilo vizuri, kwa sababu hustahimili karibu kila neno litiwalo juu yake. Kipimo kikali zaidi ni vipindi vya televisheni ya Uingereza, ambavyo navyo vimepita mikononi mwa marafiki kwa mikanda, kwa CD na baadaye kwa flashi. Vipindi hivyo husimama juu ya mambo ambayo msimulizi huyavunja kwa urahisi: kimya, lafudhi, na shaka juu ya nani mwema.

Kimya ni cha Mr. Bean. Katika kipindi cha kwanza, kilichoonyeshwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990, Rowan Atkinson anaingia katika chumba cha mtihani, anafungua bahasha, na kukuta maswali ya somo asilojiandalia. Anahangaika, anachungulia kwa jirani, anakaribia kulia. Kumbe bahasha ilikuwa na karatasi mbili, na ile aliyojiandalia imebaki ndani mpaka muda unakwisha. Hakuna mtu aliyefanya mtihani wa kidato cha nne ambaye anahitaji kutafsiriwa hapo. Baadaye katika kipindi hicho hicho Bean yumo kanisani, usingizi unamzidi, na katika wimbo wote neno analolijua ni “Aleluya” tu, ambalo hulitoa kwa sauti kubwa kila linapofika. Kwa mji ulio jirani ya abasia ya Peramiho, mahali ambapo watoto wengi walijua wimbo wa misa kabla ya kujua kusoma, hapo pana utani wa nyumbani.

Msimulizi wa baraza akimhadithia mwenziwe kisa hiki hulazimika kukiigiza: macho, shingo, mkono unaotafuta leso. Atakayekirekodia maneno juu yake atakiua. Hapa ndipo fundi anapotengana na mpiga kelele. Mshairi hujua kwamba kituo kati ya ukwapi na utao ni sehemu ya shairi, ijapokuwa hakina neno. Msimulizi wa filamu asiyejua kunyamaza ni sawa na mghani asiyejua kupumua.

Lafudhi ni ya Mind Your Language, kipindi ambacho awamu zake tatu za kwanza zilionyeshwa kati ya 1977 na 1979, na ambacho kiliota mizizi Afrika Mashariki, khususan Kenya, muda mrefu baada ya kwao kukiweka kando. Mwalimu Brown anawafundisha Kiingereza wageni wa London: Mhindi, Mpakistani, Mtaliano, Mgiriki, Mchina, Mjapani na wengineo. Kichekesho chote kimo kinywani. Kila taifa lina kosa lake, na kila kosa hurudi kila wiki. Mtazamaji wa Songea, ambaye mwenyewe huanza kufundishwa masomo yake kwa Kiingereza akiingia kidato cha kwanza, huketi upande wa mwalimu na kuwacheka wanafunzi, ilhali kwa haki ya mambo kiti chake kiko nao. Pengine aliweza kucheka bila kujikuna kwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wakuu wa darasa lile hamna hata mmoja atokaye Afrika. Lau angekuwapo, kicheko kingepungua chumvi.

Kisa hiki hakitafsiriki kwa neno kwa neno. Mwenye kutaka kukisimulia kwa Kiswahili hana budi kutafuta lafudhi badala ya lafudhi, na hazina anayo. Songea hukutana Wangoni, Wamatengo wa Mbinga, Wayao wa Tunduru, Wandendeule wa Namtumbo na wageni wa Pwani, na kila mmoja hukitamka Kiswahili kwa namna yake. Msimulizi stadi angeweza kumpa kila mwanafunzi wa London mtaa wake wa Ruvuma. Hata hivyo hapo pana mtego. Mzaha wa lafudhi ulio mtamu katika baraza la watu wanaojuana hugeuka kejeli ukirekodiwa na kupelekwa kwa wasiojuana. Watu wa visiwani wanalijua hilo kwa kuwa huwacheka wa bara, wa bara huwaigiza wao, na Unguja na Pemba huchekana zenyewe kwa zenyewe.

Wafasiri wengi wa kibandani wameukwepa mtego huo kwa kuzifuta lafudhi zote. Jason Statham ni Mwingereza wa Derbyshire, na sauti yake ya mikwaruzo ni nusu ya uigizaji wake. Katika The Transporter ya mwaka 2002, akishapitiwa na sauti ya mfasiri, si Mwingereza wala Mmarekani. Ni stelingi tu. Mtazamaji amepata hadithi, amekosa mtu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko makosa ya maana ambayo wakosoaji hupenda kuyahesabu, kwa sababu kosa la maana husahihishwa na picha, bali sauti iliyofutwa hairudishwi na chochote.

Shaka ni ya Luther, tamthilia ya BBC iliyoanza 2010, ambayo mchezaji wake mkuu ni Idris Elba, mzaliwa wa London kwa baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana. Vijana wanaopeana sizoni humsifu kwa haki: hapa pana mtu mweusi aliye kiini cha hadithi, si dereva wala rafiki wa stelingi. Lakini humkabidhi msimulizi tatizo. Askari John Luther huanza hadithi kwa kumwacha mhalifu aanguke, ingawa angeweza kumwokoa. Alice Morgan, aliyewaua wazazi wake, huanza kama adui na huendelea kama mtu wa pekee anayemwelewa Luther. Kwa sarufi ya kibandani sentensi hiyo haikamiliki. Msimulizi mvivu atamwita Luther stelingi na Alice adui, kisha ahangaike kueleza kwa nini wawili hao wanasaidiana. Msimulizi mwenye akili ataacha mwenziwe auguzwe na swali. Atasema: huyu bwana mwema, lakini sikiliza alichofanya. Hapo sifa imekuwa uhakiki, na uhakiki huo umefanyika kwa Kiswahili fasaha, bila istilahi hata moja ya chuoni.

Tangu mwaka 2011, tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipoonyeshwa na TBC ikiwa na sauti za Kiswahili, mashirika makubwa yameingia katika kazi hii. Azam nayo imewapa watazamaji tamthilia ya Kituruki ya Sultan kwa waigizaji wa sauti wa Kitanzania. Ni kazi ya heshima: kila mhusika ana sauti yake, maneno yamepangwa, mdomo na neno vimeoanishwa kadiri ilivyowezekana. Kinachokosekana ni yule mtu wa pembeni, anayekiri kwamba yeye na wewe mko nje ya hadithi mnaitazama. Sauti hizo mpya hutaka mtazamaji asahau kwamba mfasiri yupo. Lufufu hakukubali kusahauliwa, na ndiyo maana jina lake hukumbukwa na watu wasiokumbuka tena majina ya filamu alizozifasiri.

Sasa simu imeingia, na uhaba umekwisha. Rafiki hamsimulii tena rafiki, humrushia. Sifa yote imebaki neno moja, “kali”, na mwenziwe hujibu kwa neno hilo hilo akishatazama. Hakuna anayelazimika tena kueleza kwa nini mtu aliyefeli mtihani anachekesha, au kwa nini mwuaji anastahili kuhurumiwa. Si kosa la vijana, kwa kuwa anayeweza kuona mwenyewe hahitaji kuhadithiwa. Lakini lugha hukua pale inapobebeshwa mzigo, na mzigo huu imetuliwa.

Wakati huo huo mikanda iliyobeba sauti za wafasiri wa kwanza inaliwa na joto na ukungu katika makasha ya vibanda vilivyofungwa. Filamu zenyewe hazina hatari, zimehifadhiwa kwao. Kilicho hatarini ni Kiswahili kilichosemwa juu yake, ambacho hakina nakala kwingine. Tenzi zilikusanywa kutoka mikononi mwa watu wakati wengi walipoziona karatasi kuukuu. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu, Unguja na Dar es Salaam, zina wanafunzi watokao Songea, na wanafunzi hao wana wajomba waliomiliki deki. Kazi inaweza kuanzia hapo, kwa kasha moja la mikanda na mtu wa kuketi akinukuu, madamu mashine ya kuichezea bado inapatikana.