Nani Ataandika Tanbihi? Tawasifu ya Tippu Tip, José Rizal na Historia ya Kisangani

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huikuta tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, katika orodha ya maandiko ya mwanzo ya nathari yetu. Aghalabu huisoma kama kielelezo cha lugha ya Unguja ya karne ya 19, au kama habari za misafara ya pembe za ndovu. Ni nadra kuisoma kama andiko linalohusu Kisangani. Hata hivyo, mwandishi wake aliutawala mji huu kwa cheo cha wali wakati ulipokuwa kituo tu kando ya maporomoko, na habari zake zimo katika kurasa za mwisho za simulizi lake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tawasifu hiyo haifai kupokewa kama ilivyo, wala haifai kutupwa. Inahitaji kuandikiwa tanbihi na watu wa Kisangani wenyewe, tena kwa Kiswahili. Ili hoja hiyo ieleweke tutaanza mbali kidogo, Ufilipino, ambako kazi ya namna hii ilifanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kuzusha mjadala ambao haujakwisha. Hatudai kwamba historia ya Ufilipino, iliyokuwa chini ya Hispania kwa zaidi ya miaka 300 na kisha chini ya Marekani, inafanana na ya Kongo kwa kila jambo. Kinachofanana ni swali moja la kihakiki: msomaji afanye nini ikiwa kitabu cha kale kinachoeleza habari za kwao kimeandikwa na mtawala?

2.0 Rizal na kitabu cha Morga

Antonio de Morga alikuwa afisa wa ngazi ya juu wa serikali ya Hispania mjini Manila. Mwaka 1609 alichapisha nchini Mexico kitabu kiitwacho Sucesos de las Islas Filipinas, yaani matukio ya visiwa vya Ufilipino. José Rizal, aliyezaliwa Calamba mwaka 1861, alikinakili kitabu hicho kwa mkono wake katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, akakitoa upya mjini Paris mwaka 1890 pamoja na tanbihi zake. Wakati huo alikwisha kujulikana kwa riwaya yake Noli Me Tangere, iliyotoka Berlin mwaka 1887. Tarehe 30 Desemba 1896 serikali ya Hispania ilimpiga risasi mjini Manila.

Rizal angeweza kuandika historia yake mwenyewe tangu mwanzo. Badala yake alichagua kitabu cha Mhispania, tena cha mtu wa serikali na si cha mtawa, akaliacha andiko lizungumze, naye akajibu chini ya ukurasa. Mbinu hiyo ina nguvu zake. Morga anaposifu vyombo vikubwa vya baharini vilivyoundwa na wenyeji, Rizal anauliza ufundi huo umepotelea wapi baada ya karne tatu za utawala uliodai kuleta ustaarabu. Morga anaposema kwamba wenyeji hupenda samaki aliyeanza kuoza, Rizal anaeleza kwamba hicho ni kitoweo kiitwacho bagoong, na kwamba kila taifa hukinai chakula lisichokizoea. Tanbihi hii ya pili ni fupi, lakini inamwondoa mwenyeji mahali pa kutazamwa na kumweka mahali pa kutazama. Kuanzia hapo msomaji anajua kwamba kila sentensi ya Morga ina mtu aliyeisema na mtu aliyesemwa.

Tanbihi hizo hazikukosa wakosoaji. Ferdinand Blumentritt, rafiki mkubwa wa Rizal aliyemwandikia utangulizi, alisema humo humo kwamba Rizal mara nyingine anayapima mambo ya karne ya 16 kwa mizani ya karne ya 19. Mfilipino mwenziwe, Isabelo de los Reyes, aliona kwamba mapenzi ya nchi yamemfanya apake rangi nzuri mno zama za kabla ya Wahispania. Lipo na la tatu: Rizal aliandika kwa Kihispania, lugha iliyojulikana na wachache miongoni mwa watu aliowatetea. Baadaye Reynaldo Ileto, katika kitabu chake Pasyon and Revolution cha mwaka 1979, alionyesha kwamba wakulima walikuwa na ufahamu wao wa mapinduzi, uliotokana na utenzi wa mateso ya Yesu ulioimbwa kwa Kitagalogi. Sauti hiyo isingeweza kusikika katika tanbihi za Kihispania zilizochapishwa Paris. Mambo haya matatu, yaani mizani ya wakati, rangi nzuri mno na lugha, tutayarudia hapo mbele.

3.0 Msimulizi na maporomoko

Tippu Tip aliandika tawasifu yake Unguja kwa hati za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliigeuza katika hati za Kilatini na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. W. H. Whiteley aliitoa tena mwaka 1958-59 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1974 François Bontinck alitoa mjini Brussels tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi. Kwa hiyo tanbihi zipo, tena za kitaalamu, na mtafiti yeyote atazihitaji. Lakini kazi yake kubwa ni kuyalinganisha maneno ya Tippu Tip na maandiko ya wasafiri wa Kizungu. Ni mazungumzo baina ya wageni wawili juu ya mwenyeji.

Kwa upande wa fani, nathari ya Tippu Tip ni ya mtu wa biashara. Sentensi zake ni fupi, hesabu za frasila za pembe hazimtoki mdomoni, na mazungumzo hutiwa pale tu yanapohusu mapatano. Hajisifu kwa mafumbo wala haombi huruma. Ukavu huo ndio uzuri wa kitabu, na ndio unaomfanya msomaji amwamini haraka kuliko inavyofaa. Mtu anayehesabu kwa makini hudhaniwa kuwa anahesabu kila kitu.

Mfano mzuri ni habari ya Utetela. Msimulizi anaeleza bila haya jinsi alivyojidai kuwa jamaa wa mfalme Kasongo Rushie kwa upande wa mwanamke wa ukoo huo aliyechukuliwa utumwani zamani, na jinsi alivyoachiwa utawala kwa dai hilo. Msomaji anacheka pamoja naye. Lakini hadithi hiyo hiyo inashuhudia kwamba Watetela walikuwa na utaratibu wa urithi wenye uzito kiasi kwamba mtu mwenye bunduki nyingi aliona heri aupitie kuliko kuuvunja. Msimulizi anasimulia werevu wake; andiko linatuachia dalili ya taasisi za wengine. Kazi ya mhakiki ni kuisoma dalili hiyo.

Kuhusu maporomoko yenyewe, andiko lina mengi juu ya mabwana na machache juu ya mahali. Tunaelezwa habari za Seyyid Barghash, aliyekiri kwamba bara limemtoka mkononi, na habari za Stanley. Vita vya mwaka 1886 kati ya watu wa Tippu Tip na Deane, Mwingereza aliyesimamia kituo cha Dola Huru ya Kongo, huelezwa katika vitabu vya historia kama ugomvi wa mabwana juu ya mwanamke mtumwa aliyekimbilia kituoni, ambaye Deane alikataa kumrudisha. Kituo kiliteketea. Mwanamke huyo aliyeamua kukimbia, na kwa uamuzi wake akabadili siasa ya mto mzima, anabaki kuwa sababu tu ya vita.

4.0 Tanbihi tatu za mfano

Ya kwanza ihusu neno mshenzi. Tippu Tip analitumia kwa wenyeji wa bara kama neno la kawaida. Tanbihi isiishie kulilaani. Ieleze kwamba kinyume chake kilikuwa mwungwana, na kwamba wengi walioitwa waungwana huku kwetu walikuwa Wamanyema, watu wa bara waliotekwa au kujiunga wenyewe, wakapokea dini, mavazi na lugha ya pwani. Jina la Kingwana, ambalo wakoloni na wamisionari walikiita Kiswahili cha Kongo, lina asili hiyo. Basi mpaka kati ya mshenzi na mwungwana haukuwa wa damu, na mtu aliweza kuuvuka katika maisha yake. Neno linaloonekana kueleza tabia ya wenyeji kumbe linaeleza mfumo wa jamii ya msimulizi.

Ya pili ihusu mto. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yamepangana kwa kilomita zipatazo 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Hapa ndipo vyombo vinavyopanda kutoka Kinshasa hukwama, na ndiyo sababu kituo kilijengwa hapa. Lakini kabla ya kituo walikuwapo Wagenya. Hadi leo, kwenye poromoko la mwisho, husimamisha nguzo ndefu kati ya miamba, huzifunga kwa kamba za msituni na kuning'iniza mitego mikubwa iliyosukwa. Kazi hiyo haiwezekani bila makubaliano juu ya nani mwenye sehemu ipi, nani hurithi, na nani huamua ugomvi. Katika simulizi la wali, watu wa mto huingia kwa sababu ya mitumbwi na masoko. Tanbihi iseme kwamba nguzo zile ni maandishi ya sheria iliyokuwapo kabla ya wali yeyote.

Ya tatu ihusu neno wali lenyewe. Februari 1887, Unguja, Tippu Tip alipatana na Stanley kuwa wali wa maporomoko kwa niaba ya Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Katika simulizi hayo ni mapatano kama mengine. Tanbihi ikumbushe kwamba pande mbili zilipeana kitu ambacho hakikuwa cha upande wowote, na kwamba mapatano yalifanyika pwani, mbali sana na wale waliotawaliwa. Tippu Tip aliondoka mwaka 1890. Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondoa wenzake madarakani, na mahali pakabaki mikononi mwa Dola Huru, ambayo mateso yake ya mpira yanajulikana.

5.0 Hatari za kuepuka

Hapa ndipo ukosoaji aliopata Rizal unapotufaa. Tusiwapime watu wa 1887 kana kwamba walisoma maazimio ya haki za binadamu. Tuwapime kwa yale ambayo wenzao wa wakati huo waliyaona kuwa dhuluma, kama alivyoyaona yule mwanamke aliyekimbia. Pia tusiipake Boyoma ya kale rangi ya peponi. Wapo waliofanya biashara ya watu kabla ya misafara, na wapo wenyeji waliobeba bunduki za misafara. Wapo vilevile wajukuu wa waungwana, ambao utawala wa Kibelgiji uliwaita arabisés, yaani waliofanywa Waarabu. Hao ni watu wa Kisangani kama wengine, na tanbihi inayowageuza wageni itakuwa imeanzisha dhuluma mpya.

La lugha ndilo gumu zaidi. Utafiti juu ya watu wa eneo hili haukosekani. John Carrington wa Yakusu alichapisha mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma zinazosema, lokole za Walokele. André Droogers alichapisha mwaka 1980 kitabu juu ya jando la Wagenya. Vyote viwili ni vya Kiingereza, na maelezo ya Bontinck ni ya Kifaransa. Kilichoandikwa kwa Kiswahili ni maneno ya Tippu Tip. Matokeo yake, msomaji wa Kiswahili anapata upande wa wali peke yake, na wale wanaoshikilia kwamba Kiswahili hapa ni lugha ya wateka watumwa, na kwamba Kilingala ndicho cha mto, wanapata ushahidi wa bure. Tanbihi za Kiswahili, zisizoona haya kutaja namna ya usemi wa mjini ambamo ba- hukaa mahali pa wa-, zitakuwa jibu bora kuliko mabishano. Zitaonyesha lugha ikitumiwa na wale iliowahi kuwaita washenzi.

6.0 Hitimisho

Huenda mtu akauliza faida ya kushughulikia kitabu cha Unguja ilhali mji una majeraha mapya. Jibu limo katika majeraha yenyewe. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile kwa jumla, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa madhara ya watu. Ushahidi haukutosha kuhesabu vifo na hasara moja moja, hivyo Mahakama ilitoa kiasi cha jumla kwa kila aina ya madhara. Wasioandikwa huhesabiwa kwa makadirio.

Ndiyo maana tanbihi si pambo la kitaaluma. Mwanafunzi anayekwenda ng'ambo ya pili kumwuliza mvuvi jina la jiwe na mwenye nguzo iliyo juu yake, akaliandika kwa Kiswahili chini ya ukurasa wa Tippu Tip, anajifunza kazi ile ile itakayohitajika siku nyingine kwa ajili ya majina ya marehemu. Idara zetu zina andiko, zina wazungumzaji, na zina mto mlangoni. Tunapendekeza kwamba sura zinazohusu maporomoko ziwe za kwanza kugawiwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, tanbihi moja kwa kila mmoja, na kwamba zisahihishwe na wazee wa mtoni kabla ya kusahihishwa na sisi walimu.