Kovu Lililohamishwa: Kusoma Umbo la Upasuaji wa Pua

Chale iliyotajwa na Moure wa Bordeaux mwaka 1902 huanzia karibu na kona ya ndani ya jicho, ikashuka ubavuni mwa pua na kuzunguka bawa lake hadi kwenye tundu. Ukiitazama kama umbo, ni mstari mmoja ulio wazi: daktari anafungua pale pale anapotaka kuona. Anaona vizuri, ila upande mmoja tu, na mgonjwa anabaki na mstari huo usoni maisha yake yote.

Caldwell wa New York (1893) na Luc wa Paris (1897) walikwisha kuonyesha mlango mwingine: kuinua mdomo wa juu, kukata juu ya ufizi karibu na chonge, kisha kutoboa mfupa na kuingia katika uwazi wa shavu. Dirisha hilo lilikuwa dogo. Mwaka 1974 Casson, Bonanno na Converse walieleza mbinu iliyolipanua hadi likachukua uso wote wa kati, na hapo ndipo umbo linapokuwa la kusisimua kweli. Chale ya kwanza hupita chini ya mdomo wa juu, kutoka magego ya upande huu hadi ya upande ule. Nyingine hukatwa ndani ya tundu za pua, kati ya gegedu za juu na za chini. Nyingine tena hutenganisha ncha ya pua na ukuta wa katikati. Kila moja peke yake haifungui kitu cha maana. Zinapokutana na kuwa duara ndani ya kila tundu, nyama ya mashavu na pua huvulika kutoka mfupani kama glovu, hadi chini ya macho, pande zote mbili kwa pamoja.

Kinachozuia mwendo huo ni neva inayochomoza chini ya kila jicho. Lazima ibaki, kwa kuwa ndiyo inayolipa shavu na mdomo hisia. Mvuto ule ule unaoufichua mfupa huinyoosha neva, na wagonjwa wengi huamka na ganzi, mara nyingi ya muda.

Kusema mbinu hii haina kovu ni kosa. Kovu lipo, limehamia ndani. Na kovu la duara, likikaza, huweza kubana tundu la pua. Kwa hiyo mimi humpima mpasuaji kwa namna anavyoshona duara lile, kuliko anavyolikata. Udhaifu mwingine uko juu: uwazi wa paji la uso haufikiki vizuri.

Leo endoskopu, kwa lenzi za Hopkins na kazi ya Messerklinger huko Graz, huondoa vivimbe vingi kupitia tundu za pua bila hata chale ya mdomoni. Lakini kijana wa kiume mwenye uvimbe mkubwa wa mishipa ya damu, uliotoka nyuma ya pua ukasambaa hadi nyuma ya taya, bado anaweza kuhitaji nafasi ya mikono miwili, na mbinu ya 1974 humpa daktari nafasi hiyo bila kuuchora uso wa kijana.