Stika za Chekechea: Utafiti Haukusema Hivyo

Ukifuatilia mijadala ya malezi, bila shaka umekutana na kauli hii: "Utafiti umeonyesha zawadi zinaharibu watoto." Yaani mwalimu wa chekechea aliyeacha fimbo na kuanza kubandika stika, sasa anaambiwa stika nazo ni sumu. Abaki na nini? Ebu turudi kwenye utafiti wenyewe.

Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lililofanyika katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa makapeni. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti likichora. La pili lilichora kwanza, likapewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Baadaye makapeni ziliwekwa tena darasani, mara hii bila zawadi. Kundi lililoahidiwa lilitumia takriban nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoa hata kidogo.

Umeona? Tatizo halikuwa cheti. Lilikuwa yale makubaliano ya "chora nikulipe", tena kwa kitu ambacho mtoto angekifanya bure. Jaribio halikumgusa mtoto anayechukia kunawa mikono, wala halikusema usimsifu mtoto.

Kwa hiyo anayelinukuu kupinga kila zawadi analibebesha mzigo usio wake. Ila na mwalimu anayeahidi nyota kwa kila atakayesikiliza hadithi akae chonjo: watoto wanapenda hadithi tayari. Ya nini kuwalipa?

Hili si suala dogo kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza adhabu ya viboko, wakati Tanzania sheria bado inaviruhusu shuleni. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, ukimwambia kila mbadala ni mbaya, fimbo iko palepale kabatini.

Basi tumwambie kwa usahihi. Stika zibaki kwa yale mtoto asiyoyapenda, na zipungue kadiri anavyozoea. Anachokipenda, mwachie. Akimsaidia mwenzake kuokota vitalu, taja alichofanya: "Umemsaidia, mmemaliza mapema." Hiyo haihitaji bajeti, na jaribio la 1973 halina ugomvi nayo.