Falsafa Ndani ya Mkate wa Wishwa

Katika madaftari ya fasihi tuliyoyajaza sekondari, kila kitabu kilikatwa vipande viwili. Upande mmoja tuliandika fani: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika, mandhari. Upande wa pili tuliandika maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na, mwishoni kabisa, falsafa ya mwandishi, ambayo haikuzidi mistari miwili. Mwandishi anaamini kuwa umoja ni nguvu. Mwandishi anaamini kuwa haki hushinda. Tuliikariri, tukaijibia mtihani, tukapata alama zetu. Sasa nasoma fasihi chuo kikuu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba falsafa ya watunzi wetu iko upande ule mwingine wa daftari. Iko kwenye fani: katika jinsi tukio linavyopangwa, katika kile kinachotajwa na kile kinachonyamaziwa. Kwa hiyo insha hii naiandika kuwasifu mafundi.

Fundi ninayeanza naye ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyeutunga utenzi wa shujaa Fumo Liyongo mwaka 1913. Kijuma alikuwa mtu wa kazi nyingi. Alichonga milango, alipiga muziki, na hati yake ya Kiarabu ilikuwa nzuri hata wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na Ernst Dammann wakamtegemea katika kupata miswada ya tungo za pwani. Hadithi yenyewe hakuibuni. Ilikuwa ikisimuliwa tangu kale huko Pate, Shaka na Ozi, na mpaka leo watu wa Kipini huonyesha mahali wanapoamini Liyongo alizikwa. Alichofanya Kijuma ni kuipanga. Utenzi una beti zaidi ya mia mbili, kila ubeti vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina chao, cha nne kinabeba kina cha bahari. Basi mtunzi ana mizani 32 tu za kusema jambo kabla ya kusonga mbele. Humo hamna nafasi ya kufafanua. Kitendo kinatajwa, kina kinafunga, ubeti mwingine unaanza. Nimezoea kuusoma utenzi huu kwa sauti, nikihesabu mizani kwa vidole, kwa sababu nikiusoma kimyakimya macho hukimbilia kisa na kuruka kazi ya fundi.

Tazama sehemu ya gerezani. Liyongo amefungwa minyororo, na sultani wa Pate ameamua auawe. Saada, kijakazi wa mama yake, humletea chakula, na kila mara walinzi hukipora kilicho kizuri. Liyongo anatuma ujumbe kwa shairi: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Chakula kinafika. Walinzi wanachukua kile kinono, wanautazama ule mkate wa makapi, wanaudharau, wanamwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe, na katika kelele za matoazi na upatu anaikata minyororo bila mtu kusikia msuguano wa chuma.

Huyu ni jitu. Masimulizi yamempa nguvu na kimo visivyo vya kibinadamu, na mtunzi mwingine angemfanya avunje minyororo kwa misuli yake. Hapa nguvu zote hizo zimewekwa kando. Kinachomwokoa ni dharau ya walinzi. Hawakukagua mkate ule kwa sababu haukuwa na thamani machoni pao, na hawakumkagua aliyeubeba kwa sababu hiyo hiyo. Hii ni nadharia kamili ya utawala: mwenye kuonea hujilinda dhidi ya vile anavyoviona bora, na hatari yake inaingia kupitia vile anavyovidharau. Mwanafalsafa wa chuoni angeandika sura nzima. Kijuma ameiweka ndani ya mkate, na sijaona ubeti hata mmoja ambamo anasimama kutueleza. Nadhani alijua kwamba kijakazi anayesikiliza barazani hahitaji kuelezwa.

Kisha inakuja habari ya mwana, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Mwana wa Liyongo amerubuniwa na sultani: atapewa cheo, ataozwa binti wa kifalme, iwapo atagundua silaha inayoweza kumwua baba yake. Anamwendea baba, anamuuliza. Msimulizi dhaifu angemfanya Liyongo mjinga asiyeona mtego. Liyongo wa Kijuma anahisi. Anamwambia mwanawe kwamba ametumwa, kwamba watu hao wanamhadaa, halafu anamjibu swali lake: sindano ya shaba, kitovuni.

Kwa nini alijibu? Utenzi hausemi. Tumebishana sana juu ya jambo hili na wenzangu bwenini. Kuna anayesema ni kiburi cha shujaa asiyeweza kujificha. Kuna anayesema ni kudra, kwamba mtu anayeamini siku yake imeandikwa haoni sababu ya kuficha silaha. Mimi naona hivi: kama angekataa kumjibu mwanawe, angekuwa amekubali kwamba yeye si baba tena, amebaki mkimbizi anayelinda uhai wake dhidi ya damu yake mwenyewe. Alichagua kufa akiwa baba. Sidai kwamba hilo ndilo jibu sahihi. Ninachodai ni kwamba ukimya wa mtunzi mahali hapa ndio unaotulazimisha kufikiri, na kwamba ukimya huo umepangwa kwa makusudi, kama mizani zilivyopangwa.

Na fikiria mahali jeraha lilipowekwa. Visasili vya mataifa mengi vina mashujaa wasioumizika isipokuwa sehemu moja: Wagiriki walimpa Achilles kisigino, Wajerumani walimpa Siegfried kipande cha mgongo kati ya mabega. Watu wa pwani yetu walimpa Liyongo kitovu. Hakuna sehemu nyingine ya mwili inayobeba kumbukumbu ya kuwa tuliwahi kuunganishwa na mtu mwingine. Kovu la kuzaliwa ndilo mlango wa kufa, na mkono unaopita hapo ni wa mtoto. Halafu, baada ya kuchomwa, Liyongo anashika upinde, anakwenda kisimani, anapiga magoti, anaweka mshale tayari, na anafia hapo. Mji mzima unashikwa na kiu kwa sababu hakuna anayethubutu kumsogelea. Anaitwa nani akambembeleze aondoke? Mama yake. Kitovu kinarudi kwa mwenyewe. Mwili unakuja kuanguka, na hapo ndipo watu wanagundua kwamba siku zote hizo walikuwa wakimwogopa maiti. Mwana hakupewa alichoahidiwa.

Najua wako watakaosema nasoma mno, kwamba hiki ni kisakale tu na wazee hawakuwa na nia ya falsafa. Mabishano hayo yana historia yake. Mwaka 1945 Placide Tempels, padri wa Kibelgiji aliyefanya kazi Katanga, alitoa kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, na tangu hapo swali likawa kama Waafrika wana falsafa na kama wanayo, iko wapi. Alexis Kagame wa Rwanda aliitafuta katika sarufi ya Kinyarwanda, katika kazi yake ya mwaka 1956. Henry Odera Oruka wa Nairobi aliwaendea wazee wenye hekima, akawahoji, akabishana nao, na kitabu chake cha mwaka 1990 kinawataja kwa majina yao. Namheshimu sana Oruka kwa hilo, kwani kabla yake mawazo ya wazee yalikusanywa kama mali isiyo na mwenyewe. Hata hivyo naona kiti kimoja kimebaki wazi katika mjadala huo, nacho ni cha mtunzi. Mzee anayehojiwa hujibu swali aliloulizwa. Mtunzi hulitunga swali mwenyewe, akalivisha watu na vitu, akaliacha litembee.

Hata Plato, ambaye kwa wengi ndiye kipimo cha kufikiri kwa hoja, alijua hoja inafika mahali ikaomba msaada. Jamhuri yake inamalizika kwa kisa cha Er, askari aliyeuawa vitani akafufuka siku ya kumi na mbili, juu ya kuni za kuchomea maiti, akasimulia aliyoyaona huko roho zinakochagua maisha mapya. Baada ya kurasa zote zile za kuulizana na kujibizana, neno la mwisho alimwachia msimulizi.

Kwetu, aliyeliona jambo hili kwa upana wake ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamivu Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliporudi kwenye riwaya hakuendelea pale riwaya zake za awali, Rosa Mistika na Kichwamaji, zilipoishia. Alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo wanafunzi wengi huvifunga baada ya sura ya kwanza wakilalamika kuwa ni vigumu.

Nawaomba wavifungue tena wakiwa na ngano za utotoni kichwani. Ndipo wataona fundi amefanya nini. Katika Nagona kuna msafiri anayetafuta, kuna paa anayemtangulia, kuna miji isiyo na uhai, na njiani yanajitokeza majina ya Socrates, Plato, Nietzsche, Marx, Freud. Kezilahabi angeweza kuwanukuu na kuwajibu kama tunavyofanya kwenye insha za darasani. Badala yake amewaweka mahali ambapo ngano zetu huweka wazee na mazimwi wa njiani, wale ambao shujaa hukutana nao, akajifunza kitu, akaendelea na safari. Mpangilio huo peke yake ni hukumu. Unasema kwamba hawa ni wa kupitiwa, wanastahili kusikilizwa, na hakuna kati yao aliye mwisho wa njia. Bila kuandika sentensi moja ya ubishi, mwandishi amemweka kila mmoja wao mahali pake, na ameifanya ngano ya Kiafrika kuwa nyumba na wao kuwa wageni.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya jambo la aina hiyo mwanzoni mwa karne ya 19, katika shairi lake, Al-Inkishafi. Anauambia moyo wake kwamba dunia haidumu, jambo ambalo lilikuwa likisemwa katika kila msikiti. Kisha anauchukua moyo huo na kuutembeza katika nyumba za matajiri wa Pate zilizobaki magofu, mpaka kwenye vidaka vilivyokuwa vikipangwa vyombo vya thamani, ambamo sasa ndege wameweka viota. Ukishavitazama vidaka vile hutafuti tena mahubiri.

Walimu wangu wa sekondari walinifundisha kwa bidii walichotakiwa kufundisha, na ninawashukuru. Lakini wewe mwalimu utakayeingia darasani kufundisha tenzi mwaka huu, usianze na orodha ya dhamira. Wasomee wanafunzi sehemu ya Liyongo na mwanawe kwa sauti, polepole, mizani zisikike. Wakiisha kuusikia ule ukimya wa mtunzi baada ya jibu la baba, waulize kwa nini baba alijibu, uwaache wabishane kipindi kizima. Na nyinyi mnaotunga mitihani, tuulizeni swali hilo hilo, mtupe na kurasa za kutosha kulijibu.