Povu na Furo

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Kasulu, aliwahi kuniletea insha yake ya zamani ya shule iliyoeleza jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa. Alikuwa ameandika kwamba maji ya ndizi yakiisha kutiwa unga wa mtama, furo hupanda hata kufika mdomo wa chombo. Mwalimu alilikata neno hilo kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: “Povu. Usiharibu Kiswahili.”

Sina ugomvi na kalamu yake. Furo si Kiswahili Sanifu, na mtihani una sheria zake. Lakini hilo neno “usiharibu” lina dai la historia ndani yake, yaani kwamba furo ni povu lililopotoshwa na ndimi za bara. Dai hili nimelisikia hata kwa watu wa taaluma yetu, nalo si kweli.

Waha wa Kasulu na Kibondo husema ifuro, kama wasemavyo jirani zao Warundi na Wanyarwanda; wala si ajabu, kwani Guthrie aliziweka lugha hizo tatu katika kundi moja, D60. Washona wa Zimbabwe, walio mbali mno na milima ya Kigoma, nao husema furo. Neno lililotapakaa hivyo halikuzuliwa Kasulu juzi. Wataalamu wa Kibantu linganishi hulirudisha kwenye mzizi *-púdò, ambao p yake, kwa kutangulia ile u ya kubana aliyoibainisha Meinhof, imegeuka kuwa f.

Je, povu latoka katika mzizi huo huo? Haliwezi. Kiswahili nacho kinaitii kanuni hiyo. Mfupa watoka katika *-kúpà: k iliyotangulia u ya kubana imekuwa f, na p iliyotangulia a imebaki vile vile. Kama povu lingekuwa mtoto wa *-púdò, lingeanza kwa f. Basi tunayo maneno mawili yenye asili mbili, na kama suala ni ukale, furo ndilo lenye nasaba iliyo wazi zaidi. Ndugu wa povu ni wagumu kuwapanga: Wachewa wana thovu, Waganda wana ejjovu. Mwisho wafanana, lakini mianzo haikubaliani kwa kanuni yoyote niijuayo. Nadhani tuna neno lililofinyangwa mara nyingi kwa kuiga mlio wa kitu chenyewe, na maneno ya namna hiyo huwa hayaziheshimu sana kanuni za sauti. (Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada yangu, dhana hii ilinigharimu jioni nzima ya mabishano, sijaiacha.)

Tukiacha asili tukaingia katika maana, hapo ndipo kamusi zetu zinapostahili lawama. Mtunzi wa kamusi huona neno moja la Kiingereza, kisha akaridhika na sabuni na bahari. Mpishi hasemi hivyo. Povu la nyama inayochemka ni uchafu, nalo huenguliwa. Povu la sabuni halienguliwi na mtu. Maziwa yaliyopoa hufanya utando, si povu. Viputo vichache juu ya maji havijawa povu bado. Na godoro ambalo Mwingereza huliita kwa jina hilo hilo la povu, sisi twaliita la sponji, wala hatupungukiwi na kitu. Kitenzi engua, ambacho kingemwonyesha msomaji tofauti hizi, hukaa peke yake kwenye herufi E kama yatima.

Liko pia povu la mdomoni. La mgonjwa wa kifafa na la mbwa mwenye kichaa yanafahamika. Kutoka hapo watu walisema fulani amenena mpaka povu likamtoka, na siku hizi mdomo umeachwa nje kabisa: “povu” pekee ni maneno ya hasira yasiyo na kizuizi, na vijana huandika “povu ruksa” kumpa mwenzao idhini ya kufoka. Wako wanaolidharau tumizi hili. Mimi naona limefuata njia ya halali kabisa, hatua kwa hatua, na kamusi ikilikataa itakuwa imekataa historia ya neno lenyewe.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, nao ulikuwa uchaguzi wenye manufaa. Haukusema kwamba lugha za bara ni makosa ya lugha ya pwani. Watengenezaji wa pombe wa Kibondo hulitazama furo ili kujua kama pombe imeanza kuchachuka au bado, na Kiswahili Sanifu hakina jina moja la povu hilo la uchachukaji, tofauti na la sabuni. Tunapobuni istilahi za sayansi ya vyakula twakimbilia Kiingereza, tukakitohoa. Napendekeza furo liingizwe kamusini kwa maana hiyo moja tu, katika ngeli ya LI-YA, na mbele yake iandikwe: Kiha.