Kilo za Kupanda, Kilo za Kushuka

Kwenye viwanja vidogo vya ndege vya kaskazini mwa Alaska, safari ya kuwinda kondoo pori huanzia kwenye mizani. Shanta linaning'inizwa kwenye ndoano, rubani anasoma namba kwa sauti, na mara nyingi mwenye mzigo anaanza kufungua zipu papo hapo. Sufuria ya pili inatoka. Suruali ya tatu inatoka. Viatu vya kuvaa kambini vinarudishwa kwenye sanduku litakalobaki bandani. Mashirika mengi ya ndege ndogo humpa mwindaji nafasi ya kilo kati ya 20 na 30 tu, bunduki na chakula vikiwemo, na hakuna maombi yanayobadilisha hesabu hiyo.

Mnyama anayefuatwa ni kondoo wa Dall, mweupe pe, aliyepewa jina la mwanasayansi wa Marekani William Healey Dall. Anaishi kwenye milima ya Alaska na ya kaskazini-magharibi mwa Kanada. Dume aliyekomaa anaweza kufikia kilo 136, na pembe zake za rangi ya kaharabu hujikunja pembeni mwa uso. Sehemu kubwa ya Alaska msimu wake hufunguliwa tarehe 10 Agosti na kufungwa tarehe 20 Septemba. Barabara ni chache mno huko. Hata pale ilipo barabara kuu ya Dalton, inayoelekea kwenye visima vya mafuta vya Aktiki, ukanda wa maili tano kila upande unaruhusu upinde na mshale tu kwa wawindaji wa kawaida. Anayetaka kuingia ndani ya safu ya Brooks au ya Wrangell akiwa na bunduki, njia yake ya kawaida ni ya angani.

Zamani haikuwa hivyo. Charles Sheldon, mtafiti na mwindaji aliyekuwa akikusanya vielelezo vya kisayansi, aliingia eneo la Denali mwaka 1906, kabla ya ndege kufika Alaska. Alirudi mwaka 1907, akajenga kibanda kando ya mto Toklat, akakaa hapo majira yote ya baridi hadi katikati ya 1908 akiwaangalia kondoo. Msaidizi wake, Harry Karstens, ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa watu wanne wa kwanza kufika kilele kikuu cha Denali mwaka 1913. Sheldon alikuwa na muda mwingi, na mizigo yake ilifika kwa mashua, farasi na mbwa. Kutokana na miezi hiyo alianza kupigania hifadhi, ambayo Bunge la Marekani liliiidhinisha mwaka 1917. Mwindaji wa leo anafika mahali pa aina hiyo kwa saa moja ya kuruka. Ameokoa miezi, lakini amebanwa na kilo.

Ubanaji huo unaeleweka mtu akiitazama ndege yenyewe. Piper PA-18 Super Cub, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949, ina kiti cha rubani na kiti kimoja nyuma yake. Ile yenye injini ya nguvu za farasi 150 inaruhusiwa kuruka na uzito wa juu wa ratili 1,750, yaani takribani kilo 794, kila kitu kikijumlishwa. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni ndege yenyewe, hasa ikishafungwa yale magurudumu mapana, laini, yanayoiwezesha kutua juu ya mawe ya mtoni. Matangi yakijaa, mafuta yanachukua karibu kilo 100. Watu wazima wawili wenye mabuti na makoti wanakula karibu kilo 180. Kinachobaki ni makumi machache ya kilo, na rubani anayetarajia kupaa kutoka kwenye changarawe ya mita zisizofika 200 hapendi kuzimaliza zote. Ndiyo maana makundi mengi hupelekwa kwa hatua mbili: ndege kubwa zaidi, kama de Havilland Beaver, inawashusha ziwani au kwenye kiwanja kirefu, kisha Super Cub inawahamisha mmoja mmoja hadi juu.

Matatizo mengine huanza hata kabla ya Alaska. Shirika la ndege la abiria litataka bunduki ikae kwenye sanduku gumu lenye kufuli, na litaweka kikomo cha risasi, kwa kawaida kilo 5. Sanduku hilo gumu haliingii kwenye ndege ya porini, kwa hiyo mfuko laini wa bunduki lazima nao uwe kwenye mizigo. Mtungi wa gesi ya jiko hauruhusiwi kabisa kwenye ndege ya abiria, na kopo la dawa ya kupulizia dubu vilevile. Vyote viwili hununuliwa Anchorage au Fairbanks, na asiyetenga siku ya manunuzi anaweza kujikuta mlimani bila moto. Kopo la dubu lina masharti hata kwenye ndege ndogo: marubani wengi hulifunga nje, kwenye nguzo ya bawa au ndani ya boya la kutulia majini, kwa sababu likipasuka ndani ya chumba cha rubani hakuna atakayeona mbele.

Wengi hujiandaa kwa mzigo wa kupanda. Wanakata mpini wa mswaki, wanabadilisha hema, wanashangilia kila gramu iliyopungua. Kazi hiyo ni nzuri, lakini safari inatakiwa kupangwa kuanzia mwisho wake.

Tuchukue mfano wa mwindaji mwenye vifaa vya kilo 18: hema, begi la kulalia, jiko, darubini ya mkononi na ile ya kusimamisha kwenye miguu mitatu, bunduki, nguo za mvua na dawa. Anabeba chakula cha siku 8, gramu 800 kwa siku, jumla kilo 6.4. Anaondoka uwanjani na kilo zisizofika 25, mzigo unaobebeka. Siku ya sita anapata kondoo. Chakula kimebaki kilo 1.6. Nyama iliyotolewa mifupa tuikadirie kilo 35, na kichwa chenye pembe pamoja na ngozi ya mabega kilo 15. Mzigo wa kushuka sasa ni karibu kilo 70. Kwenye Mlima Kilimanjaro mpagazi anaruhusiwa kubebeshwa kilo 20 za mizigo ya safari. Huku mpagazi hayupo.

Wakiwa wawili, na mmoja tu ndiye aliyepata, kila mtu anabeba kama kilo 45. Ni mateso, ila inawezekana. Akiwa peke yake itabidi ashushe kwa awamu mbili: anateremka na mzigo, anapanda mtupu, anateremka tena. Kilomita 12 za kurudi zinageuka 36, juu ya mawe yanayoviringika na vichuguu vya nyasi vilivyojaa maji. Kwa hiyo swali la umbali wa kutembea kutoka pale ndege ilipotua hujibiwa nyumbani, mbele ya ramani, kwa kuangalia kilo za kushuka. Mwindaji anayejua kwamba kikomo chake ni kilomita 8 akiwa na mzigo hana sababu ya kumfuata dume aliye kilomita 15, hata kama anaonekana vizuri kiasi gani kwenye darubini.

Sheria nayo inaikaza hesabu hiyo. Alaska inamtaka mwindaji atoe mlimani nyama yote inayolika: miguu yote minne, shingo, kidari, mbavu, na minofu ya mgongo ya nje na ya ndani. Pembe haziruhusiwi kuondoka mahali mnyama alipoangukia kabla ya nyama. Zinakwenda na mzigo wa mwisho. Kifungu hicho kinastahili sifa, kwa maana kinamkumbusha kila mtu kwamba kondoo ni chakula kwanza.

Chakula cha mwindaji mwenyewe huwa kikavu, cha kuongezwa maji ya moto, pamoja na karanga, jibini na vitu vya mafuta, kwa kuwa mafuta hubeba nguvu nyingi kwa gramu chache. Mazoea mazuri ni kuacha kwenye kiwanja cha kutulia pipa lisilofunguka kwa dubu lenye chakula cha siku mbili au tatu za ziada. Rubani wa porini huruka kwa macho. Wingu likishuka kwenye mapito ya milima haji, na siku ya ahadi inapita. Mvua ikinyesha sana, mto unaweza kuufunika ule ukingo wa changarawe uliotumika kutua. Kabla ya kuachana, mwindaji na rubani wanakubaliana juu ya siku ya kuchukuliwa, kiwanja cha pili iwapo cha kwanza kitazama, na ujumbe utakaotumwa kwa kifaa cha setilaiti. Mazungumzo ya dakika kumi pale bandani yana thamani kuliko vifaa vingi vya dukani.

Ndege yenyewe hairuhusiwi kutumika kama silaha ya kutafutia. Aliyesafiri kwa ndege ndogo hawezi kupiga mnyama mkubwa hadi saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Mwaka 2015 Alaska iliongeza kizuizi kwa kondoo peke yao: ndani ya msimu, ni marufuku kuruka kwa lengo la kuwatafuta. Utafutaji unabaki kuwa kazi ya macho na subira, na hapo ndipo darubini ya miguu mitatu inapolipia uzito wake. Siku nzima hupita mtu akiwa amelala kifudifudi nyuma ya jiwe, akichunguza mteremko mmoja.

Anachochunguza zaidi ni pembe. Katika maeneo mengi dume halali ni yule ambaye ncha ya pembe yake imekamilisha duara la digrii 360 akitazamwa ubavuni, au ambaye ncha zote mbili zimevunjika, au aliyefikisha miaka 8. Umri husomwa kwenye pete. Pembe ya kondoo haidondoki. Hukua majira ya joto na kusimama majira ya baridi, na kila kisimamo kinaacha mfereji mweusi unaoizunguka pembe nzima. Mikunjo mingine ni ya juujuu, haizunguki, na ndiyo inayowadanganya wageni. Pete hizi zimewahi kutumika kwa jambo kubwa zaidi: Adolph Murie, aliyeanza kuwachunguza mbwa mwitu na kondoo wa Denali mwaka 1939, aliokota mafuvu ya kondoo waliokufa na kuyapangia umri kwa pembe zao. Mafuvu 608 kati ya hayo yalimwezesha mwanaikolojia Edward Deevey, mwaka 1947, kutengeneza jedwali la vifo ambalo bado hufundishwa vyuoni.

Mazoezi ya kusoma pembe yafanyike nyumbani, kwa picha na video, dume baada ya dume. Anayempiga dume asiyetimiza vigezo ananyang'anywa na kushtakiwa. Na hata kwa aliye halali, pembe lazima zipelekwe ofisi ya wanyamapori ndani ya siku 30, pembe itobolewe na kuwekewa kizibo chenye namba.

Shabaha ya mlimani ina kanuni yake. Kipima umbali cha leza kikisoma mita 300 kwenye mteremko wa digrii 30, risasi huangushwa na uvutano kwa kiasi cha umbali wa mlalo tu, ambao ni karibu mita 260. Anayelenga kwa mita 300 atapiga juu, iwe anaelekeza bunduki kilimani au bondeni. Kwa hiyo uwanja wa shabaha ulio tambarare hautoshi; mtu ajizoeze akiwa amelala, bunduki imeegemea shanta, mapigo ya moyo yakiwa juu.

Kwa upande wa mwili, miezi ya maandalizi huwa na kosa moja la kawaida: watu hupanda ngazi na kushuka kwa lifti. Kushuka na mzigo ndiko kunakochosha mapaja na magoti, na misuli haizoei kazi isiyofanyishwa. Mifuko ya mchanga, mteremko halisi, na yale yale mabuti yatakayovaliwa Alaska, kuanzia miezi sita kabla, vinamtosha mtu mwenye afya.

Gharama si ya mchezo. Mmarekani asiye mkazi wa Alaska hulipia kibali cha kondoo dola 850 juu ya leseni, na sheria inamlazimisha awe na mwongozaji aliyesajiliwa au ndugu wa karibu ambaye ni mkazi, mwenye miaka 19 au zaidi. Safari ya kuongozwa hupita dola 20,000. Asiye raia wa Marekani wala mkazi wa Alaska hana njia ya ndugu: lazima awe na mwongozaji mwenye leseni.

Kuna jambo zito kuliko fedha. Kondoo wa Dall wamepungua katika sehemu nyingi za Alaska kwa zaidi ya muongo mmoja sasa. Majira ya baridi yanayokawia kuisha, na mvua inayonyesha juu ya theluji kisha ikaganda na kuyafungia majani chini ya barafu, yameua wana-kondoo na madume wazee. Baadhi ya maeneo yamefungwa kabisa au yamefungiwa wageni. Anayekusudia kwenda asianze kwa kununua hema. Aanze kwa kusoma kitabu cha kanuni cha mwaka huo kwa eneo analolitaka, aulize ofisi ya wanyamapori hali ya kundi lililopo, na kama idadi ni ndogo, aahirishe. Akifika mlimani na akawa na shaka juu ya pete moja tu ya pembe, asipige.